Uani kwa Kiwanda cha Risasi

Barua ilifika Jumanne asubuhi, mizani ikiwa tayari na mzigo juu. Tarishi wa Mamlaka ya Mazingira, mzee mwenye kofia ya pikipiki kwapani, alimwomba mwanamke aliyesimama kando ya mizani asaini kitabu chake. Akasaini, akafungua bahasha, akasoma kurasa zote nne akiwa wima, kisha akaisukuma barua chini ya kikokotoo na kumgeukia mwenye gunia la mabomba ya shaba.

"Kilo thelathini na nne."

"Thelathini na nne tu, Dada?"

"Na hapo nimekuachia maji uliyolimwagia gunia."

Mwenye gunia akacheka, kwa kuwa kweli alikuwa amelimwagia. Watu wote walioleta vyuma chakavu pale walimwita Dada Mizani, na walipenda kusema kwamba hata salamu yako ataipima kwanza kabla ya kuitikia. Yadi ilikuwa yake na kaka yake. Kaka mtu aliitwa Sumaku, maana hakutoka nyumbani bila kipande cha sumaku mfukoni, akikibandika kwenye kila kitu alichotaka kujua kama ni chuma au la, hata milango ya watu. Miaka kumi na tisa walikuwa wamefanya kazi hiyo: Sumaku akitafuta wanunuzi na kusafirisha, yeye akipima na kuandika.

Saa sita Sumaku alipoingia, alimpa barua. Sumaku alisoma ukurasa wa kwanza, akakaa juu ya rimu la lori.

"Kiwanda cha risasi," akasema. "Si kimefungwa?"

"Kimefungwa."

"Na mwenyewe si alihama?"

"Alihama."

"Sasa sisi wanatutakia nini?"

Alirudi kwenye mizani, kwa sababu jibu lilikuwa ukurasa wa tatu na alijua atafika. Kiwanda kile kilikuwa kikinunua betri za magari zilizokufa, kinazipasua, kinatoa risasi, yaani yale madini mazito ya kijivu yaliyomo ndani, kinaiyeyusha na kuiuza upya. Yadi yao ilikipelekea betri kwa miaka kumi na miwili. Sasa Mamlaka ilikuwa imechimba udongo wa mtaa uliopakana na kiwanda, ikakuta umejaa sumu ya risasi mpaka chini, na mwenye kiwanda hakupatikana. Kampuni yake ilikuwa imefutwa, hata jina lake halikuwapo tena kwenye vitabu vya serikali. Kwa hiyo Mamlaka ilikuwa imewaita wote waliowahi kupeleka betri pale. Walikuwa thelathini na mmoja. Wao walikuwa namba saba.

Dada Mizani alingoja aogope. Alijua kwamba mtu akipata barua kama ile huogopa, tumbo humkata, usingizi humruka. Akangoja siku ile, na ya pili yake. Hofu haikuja. Alipima, akaandika, akapika, akala. Mwili ulikuwa kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu: upo, ila si wako.

Wakili waliyempata alikuwa na ofisi ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na chumba chote kilinuka tina ya kuyeyushia rangi. Alikuwa mtu wa kusema polepole, na kila neno la sheria alilitafsiri mara moja, bila kuombwa.

"Sheria ya usafishaji iko hivi," aliwaambia. "Mahali pakichafuliwa, wa kwanza kutafutwa ni mwenye mahali. Asipopatikana, wanatafutwa waliopeleka uchafu pale. Haijalishi ni miaka mingapi imepita, wala kama nia yenu ilikuwa njema."

"Lakini sisi hatukupeleka uchafu," Sumaku alisema. "Wakili, anayetupa taka hulipa ili zichukuliwe. Sisi tulilipwa. Tuliuza. Mtu akiuza ng'ombe buchani, damu iliyomwagika buchani ni yake?"

Wakili akatabasamu. "Hoja hiyo ndiyo mlango wetu. Sheria yenyewe inamkinga aliyeuza vitu chakavu ili virejelezwe. Kwa vyuma vyenu na shaba yenu sina wasiwasi. Ila kwa betri kuna masharti. Moja, ziwe na soko. Zilikuwa nalo. Pili, ziwe zinatumika kutengeneza kitu kipya. Zilitumika. La tatu ndilo lenye kazi: muuzaji awe alijitahidi, kama mtu mwenye akili timamu, kujua kwamba mnunuzi anafuata sheria za mazingira. Na kama alijua kwamba hafuati, halafu akaendelea kupeleka, kinga inaondoka."

Sumaku alikuwa amejiandaa. Alitoa kwenye bahasha fomu tano za ukaguzi, moja kwa kila mwaka tangu zilipoanza kutakiwa. Zote zilikuwa kwa mwandiko wake na maneno yalikuwa yaleyale: *Nimetembelea kiwanda. Nimeona tanuri, chujio la moshi na bwawa la kutulizia asidi. Vyote vinafanya kazi.*

Wakili alizisoma moja moja. "Uliviona kwa macho yako?"

"Niliviona."

Dada Mizani aliangalia kalenda ya ukutani. Ilikuwa ya kampuni ya rangi, na mwezi ule ulikuwa na picha ya jiko jeupe lisilo na mtu.

"Na wewe, mama? Umewahi kufika kiwandani?"

"Yeye ni wa mizani," Sumaku akadakia. "Hatoki yadi."

Wakili akaandika kitu. Swali likapita.

Ukweli ni kwamba Dada Mizani aliwahi kufika, mara moja, miaka saba kabla ya barua. Dereva wao alipiga simu akiwa kwenye foleni ya malori pale kiwandani, akasema kizunguzungu kimemwangusha. Sumaku alikuwa safarini. Kwa hiyo alifunga mizani, akakodi teksi, akaenda. Mlinzi wa geti akamwambia mtu wake amelazwa kivulini, uani, apite kushoto kwa ofisi. Ofisi yenyewe ilikuwa safi, ina feni na maua ya plastiki. Akaipita, akazunguka.

Nyuma, wanaume sita walikuwa wanapasua betri kwa mashoka. Hawakuwa na kitu usoni isipokuwa vitambaa. Asidi ilimwagwa chini, ikakusanyika kwenye mfereji mwembamba uliochimbwa kwa jembe, ikapita tundu la ukuta na kutokea upande wa pili. Hapakuwa na bwawa. Ukuta ulikuwa mfupi, akaona upande wa pili: nyumba, kamba ya nguo, mwanamke akianika mashuka. Juu ya lundo la makasha meusi ya betri walikuwa wamepanda watoto watatu wanne, wakiyachagua na kuyatupa chini, upande wa nyumba zao. Koo lilimkereketa, mdomo ukajaa ladha kama ya sarafu. Akamnyanyua dereva, wakaondoka.

Jioni ile Sumaku aliporudi, alimwambia: "Kaka, kule nyuma si kuzuri." Akamweleza mfereji, mashoka, watoto. Sumaku alikuwa anavua viatu. "Nyuma ya kiwanda gani kuzuri?" akasema. "Hata nyuma ya mwenye nyumba wetu si kuzuri." Wakacheka wote wawili, kwa sababu mwenye nyumba wao alikuwa na makalio ya kuchekesha. Wiki iliyofuata lori likaenda na betri kama kawaida, yeye mwenyewe akiwa amezipima. Dereva hakurudi kazini. Walisikia ameanza kuuza vifuko vya simu kwao, na baadaye hawakusikia tena.

Siku mbili kabla ya shauri kusikilizwa, Sumaku alikuja nyumbani kwake mchana, jambo asilolizoea. Alimkuta anachambua mchele. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kubandika sumaku yake kwenye mguu wa meza, akiibandua na kuibandika.

"Wakili anasema na wewe utaitwa," alisema. "Kwa sababu hati za mizani zina saini yako."

"Najua. Nimeletewa wito."

"Watakuuliza kilo. Wajibu kilo."

"Na wakiuliza mengine?"

Sumaku aliiacha sumaku kwenye mguu wa meza. "Mdogo wangu, sikuombi useme uongo. Nakuomba usiseme. Kuna tofauti."

"Ulifika kule nyuma, Kaka? Hata mara moja?"

"Nilikaa ofisini. Meneja alinionyesha picha za bwawa. Picha nzuri tu, bwawa lina maji. Sasa mimi nianze kumwambia mtu mzima nipeleke nikaone kama hunidanganyi?" Akaisogeza sumaku juu kidogo. "Una watoto chuoni. Mimi nina mama yetu chumba cha pili, anakula dawa kila siku. Watu kumi na wawili wanakula kwenye yadi ile. Ikifungwa kwa mdomo wako, ungejisikiaje?"

Aliendelea kuchambua mchele. Swali lilikuwa zuri na alilipa nafasi ndani yake, akalingoja lishike pahali. Lilipita kama maji juu ya bati. "Sijui," akasema, na hakuwa anamkwepa.

Sumaku akainuka. "Siku hizi hata sikujui," akasema, akaibandua sumaku, akaondoka.

Baraza la kusikiliza shauri lilikaa kwenye ukumbi wa jengo la Mamlaka, penye viti vya plastiki na vipaza sauti viwili, kimoja kibovu. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Wauza vyuma chakavu walijaa safu tatu. Walisalimiana kwa mizaha, wakaulizana bei ya alumini, halafu wakakaa.

Shahidi wa kwanza alikuwa jirani wa kiwanda. Mwanasheria wa Mamlaka alimwita kwa jina alilojulikana nalo mtaani, Mama Mapacha. Alieleza bila kulia wala kupaza sauti. Mtaa wao ulikuwa wa tope, alisema. Kiwanda kilikuwa kinawagawia bure jivu la tanuri, lori zima, wajazie tope mbele ya milango. "Tukashukuru. Tuliwapelekea mpaka kuku wawili wa asante." Makasha ya betri waliyafanya ngazi za kuingilia ndani. Pacha wake walizaliwa wazima, wakaanza kutambaa juu ya jivu lile. Sasa wana miaka tisa. Mmoja hasikii vizuri, mwingine hawezi kukumbuka alichotumwa akifika mlangoni. Vipimo vya damu vilisomwa. Mtu mmoja kwenye safu ya nyuma alikohoa, akatoka nje.

Kisha Sumaku. Alikula kiapo, akasema alichosema kwa wakili. Aliona tanuri, aliona chujio, aliona bwawa. Alijibu vizuri, bila kubabaika. Mwanasheria wa Mamlaka alimshukuru.

Dada Mizani aliitwa saa nane na dakika kumi. Aliulizwa kilo, akajibu kilo: mwaka hadi mwaka, bila kuangalia karatasi, mpaka mwenyekiti akavua miwani moja ili amwone vizuri. Wakili wao alikuwa ameanza kufunga faili.

"La mwisho," mwanasheria wa Mamlaka alisema. Hakuonekana kutegemea kitu. "Wewe binafsi uliwahi kufika kiwandani?"

"Ndiyo."

Sumaku hakugeuka.

"Lini?"

Alitaja mwezi na mwaka, na siku ya juma.

"Uliona nini?"

Alisema kama anavyosoma mizani. Wanaume sita. Mashoka. Mfereji kama upana wa kiganja, unaopita tundu la ukuta. Hakuna bwawa. Lundo la makasha, urefu wa mtu na nusu. Watoto watatu au wanne, hakuwahesabu vizuri. Alisikia sauti yake kwenye kipaza sauti ikirudi kutoka ukuta wa nyuma, sauti ya mtu asiyemjua, na aliona kwamba mtu yule hatetemeki.

"Ulimwambia mtu yeyote?"

Wakili wao alisimama kupinga swali. Mwenyekiti akaliruhusu.

"Nilimwambia kaka yangu. Jioni ileile."

"Akasemaje?"

"Alifanya mzaha. Nikacheka. Tukaendelea kupeleka betri miaka mitano mingine, mpaka kilipofungwa. Nilizipima mimi."

Mama Mapacha alikuwa safu ya pili. Alikuwa amemkazia macho kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi.

Nje, kwenye ngazi, mnunuzi mmoja wa vyuma ambaye walifahamiana miaka mingi alimsogelea. "Dada, umetuuza," akasema kwa sauti ya chini. "Unadhani sisi hatukuona? Wote tuliona. Wewe tu ndiye umeshindwa kufunga mdomo." Akatema mate pembeni, kisha akamwomba radhi kwa kutema mate. Sumaku alikuwa ameshampita, akapanda gari na wakili. Dada Mizani alirudi nyumbani kwa miguu, mwendo wa saa nzima, na njiani alisimama kununua sabuni kwa sababu ilikuwa imekwisha.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi miwili. Kwa chuma na shaba hawakuwa na hatia. Kwa betri walizouza kabla ya siku ile aliyozunguka nyuma ya ofisi, baraza lilisema kinga inawafunika, kwa kuwa hakukuwa na ushahidi kwamba walijua, na fomu za ukaguzi zilikuwa hazijaanza kutakiwa. Kwa betri za kuanzia siku ile, wanawajibika. Fomu tano za Sumaku zilitajwa moja moja, na baraza likasema karatasi iliyojazwa na mtu ambaye hakutazama si juhudi ya kujua. Nafuu pekee ilikuwa kwamba Sumaku hakushtakiwa kwa kiapo chake cha uongo, na wakili alisema hiyo ilikuwa huruma ya mwenyekiti zaidi kuliko sheria. Leseni ya betri ikafutwa. Wakapewa sehemu yao ya kusafisha: udongo wa nyumba kumi na moja uchimbwe mpaka chini, upelekwe kwenye dampo maalumu la sumu, uletwe mwingine, na mmoja wao awepo siku zote za kuchimba. Lori lao kubwa na nusu ya kiwanja cha yadi viliuzwa kwa ajili hiyo.

Sumaku hakuzungumza naye tena. Hakumtukana, wala hakumsema kwa watu. Walikuwa wote katika nusu ya yadi iliyobaki, hatua thelathini kati yao, na alipotaka kitu alimtuma mkewe. "Wifi, mume wangu anauliza kama ufunguo wa kontena uko kwako." Akiupata, mke ndiye aliyerudi nao. Mama yao, ambaye habari za mjini hazikumfikia, aliuliza kwa nini wanawe hawali pamoja Jumapili. Kila mmoja alimjibu kwamba kazi ni nyingi.

Kuchimba kulipoanza, yeye ndiye aliyekwenda. Walipewa ovaroli nyeupe na barakoa zenye vichujio viwili pembeni. Wachimbaji walianza nyumba za mwisho, wakaifikia ya Mama Mapacha wiki ya tatu. Jivu lilikuwa kina cha goti. Chini yake kulikuwa na vipande vya makasha, vyeusi, vimejipanga kama vigae. Fundi wa vipimo alichoma udongo kwa kifaa chake, akatikisa kichwa, wakachimba tena. Akachoma, akatikisa. Mara ya nne akainua kidole gumba.

Mama Mapacha alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya uzio wa utepe, na mmoja wa pacha amesimama nyuma yake akimsuka nywele vibaya, kwa mchezo. Dada Mizani alivua barakoa, akaenda.

"Wamefika kwenye udongo mzima," alimwambia. "Kesho wanaleta mwingine wa kujazia. Umepimwa, nimeziona karatasi."

"Ukaziona."

"Nikaziona, na nikaenda unakochimbwa. Nimetembea pale pote."

Mama Mapacha aliutazama mkono wake wenye glavu, kisha uso. "Siku ile ulipokuja uani kwa kiwanda," alisema, "kulikuwa na mwanamke anaanika?"

"Alikuwapo. Mashuka."

"Ya rangi gani?"

Alifikiri. Aliweza kuona kamba, aliweza kuona mikono. "Sikumbuki."

Mwenzake akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu, ingawa hakuwa amepewa. Mtoto aliacha kusuka, akauliza kitu kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wanavyofanya wasiosikia vizuri. Mama yake akageuka, akamjibu taratibu, akimwonyesha midomo.

Dada Mizani alibaki amesimama. Alidhani huenda sasa, kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine la kufanya mpaka lori liondoke, kitu kingemshuka au kumpanda. Jua lilikuwa kali, jasho likimtiririka ndani ya ovaroli, na hilo alilisikia vizuri.

"Mama," dereva wa lori aliita kupitia dirishani, "hapo uliposimama ndipo ninapogeuzia."

Akasogea.